Nafasi za Wachezaji wa Tenisi Hupangwaje?

Hapa Nyakasimbi, kama katika vijiji vingi vya Karagwe na Kyerwa, mchezo tunaoufahamu zaidi ni mpira wa miguu. Lakini tukifungua redio wakati wa habari za michezo, mara nyingine tunasikia habari za tenisi. Mtangazaji husema, "Mchezaji huyu sasa ni wa 24 duniani." Au husema, "Ameshuka kutoka nafasi ya 3 hadi nafasi ya 7." Kisha huendelea na habari nyingine.

Nani amewahesabu wachezaji wa dunia nzima? Mtu anawezaje kuwa bingwa na bado akashuka? Na namba hiyo ina faida gani kwa mchezaji? Katika somo hili tutajibu maswali hayo matatu. Tutaona pia jinsi namba moja ilivyomzuia binti wa Kenya kwenda kwenye michezo mikubwa ya dunia, ingawa alikuwa ameshinda medali ya dhahabu ya Afrika.

1. Mchezo wenyewe

Tenisi huchezwa na watu wawili wanaotazamana. Katikati yao kuna wavu. Kila mmoja ana raketi mkononi. Hupiga mpira mdogo ili uvuke wavu na kutua ndani ya mistari ya upande wa mwenzake. Akishindwa kuurudisha, umempata. Mara nyingine huchezwa na watu wanne, wawili kila upande.

Mashindano mengi ya tenisi ni ya mtoano. Anayeshinda anaendelea. Anayeshindwa anafunga mizigo yake. Tuseme wamekuja wachezaji 128. Baada ya mechi za kwanza watabaki 64. Kisha watabaki 32, kisha 16, kisha 8, kisha 4, kisha 2. Mwishoni hubaki bingwa mmoja. Ili awe bingwa, lazima ashinde mechi 7.

Sasa fikiri kidogo. Katika ligi ya mpira wa miguu, kila timu hukutana na timu zote. Ni rahisi kujua nani wa kwanza na nani wa mwisho. Lakini wachezaji wa tenisi duniani ni maelfu. Huyu yuko Tunisia, yule yuko Kanada, mwingine yuko Kenya. Wengi hawatakutana kamwe. Kwa hiyo lazima kuwe na kipimo kimoja cha kuwapima wote. Kipimo hicho ni orodha ya nafasi.

2. Zamani ilikuwaje?

Zamani wenye mashindano ndio waliochagua nani aitwe na nani asiitwe. Mchezaji mwenye jina kubwa aliitwa. Asiyejulikana aliweza kuachwa, hata kama alikuwa hodari. Wachezaji walilalamika. Walitaka kanuni iliyo wazi kwa wote.

Chama cha wachezaji wanaume, kiitwacho ATP, kilitoa orodha yake ya kwanza tarehe 23 Agosti, 1973. Hesabu ilifanywa na kompyuta. Mtu wa kwanza katika orodha hiyo alikuwa Ilie Nastase wa Romania. Chama cha wanawake, kiitwacho WTA, kilianza kutumia orodha ya namna hiyo tarehe 3 Novemba, 1975. Wa kwanza alikuwa Chris Evert wa Marekani.

Tangu wakati huo, mchezaji haitwi kwa sababu anapendwa. Huingia kwa sababu namba yake inamruhusu. Orodha mpya hutolewa kwa kawaida siku ya Jumatatu, baada ya mashindano ya wiki kumalizika.

Kumbuka jambo moja. Katika orodha hii namba ndogo ndiyo bora. Nafasi ya 1 ndiyo ya juu kabisa. Nafasi ya 500 iko chini ya nafasi ya 400.

3. Pointi hupatikanaje?

Mchezaji hupata pointi kwa kushinda mechi katika mashindano yanayotambuliwa. Lakini mashindano hayalingani. Yapo makubwa na yapo madogo. Makubwa kabisa ni manne kwa mwaka. La kwanza hufanyika Australia mwezi Januari. La pili hufanyika Ufaransa, mwezi Mei na Juni. La tatu hufanyika Uingereza, mahali paitwapo Wimbledon, mwezi Juni na Julai. La nne hufanyika Marekani, mwezi Agosti na Septemba.

Tazama jedwali hili. Linaonyesha pointi za wanawake kwa kipimo cha mwaka 2024. Soma kila mstari kutoka kushoto kwenda kulia.

Ngazi ya mashindano – Bingwa – Wa pili
Makubwa manne – 2,000 – 1,300
Ngazi ya 1000 – 1,000 – 650
Ngazi ya 500 – 500 – 325
Ngazi ya 250 – 250 – 163
Ngazi ya 35 – 35 – 23
Ngazi ya 15 – 15 – 10

Zipo ngazi nyingine katikati, lakini hizi zinatosha kwa somo letu. Ngazi ya 15 ndiyo ya chini kabisa. Huko ndiko mchezaji anayeanza hupata pointi zake za kwanza. Akiwa bingwa hupata pointi 15. Akifika nusu fainali hupata 6. Akifika robo fainali hupata 3.

Tufanye hesabu. Bingwa wa Wimbledon hupata pointi 2,000 kwa wiki mbili. Mchezaji wa ngazi ya 15 angehitaji kuwa bingwa zaidi ya mara 133 ili azifikie. Mwaka una wiki 52 tu. Tena siyo matokeo yote yanayohesabiwa. Mwaka 2024 wanawake walihesabiwa matokeo yao bora 18 tu. Kwa hiyo hata angekuwa bingwa wa ngazi ya 15 kila wiki, angepata 15 mara 18, yaani pointi 270.

Hii ina maana gani? Maana yake ni kwamba mchezaji hawezi kukaa ngazi ya chini akapanda mpaka juu. Lazima avuke ngazi moja baada ya nyingine.

4. Pointi hudumu wiki 52

Hili ndilo jambo kubwa katika somo letu. Pointi hazikai milele. Hudumu wiki 52, yaani mwaka mmoja. Baada ya hapo hufutwa.

Wewe mkulima wa kahawa utalielewa jambo hili upesi. Tuseme una daftari la mavuno. Kila wiki unaandika kilo ulizovuna. Lakini kuna sharti. Ukiandika kilo za wiki hii, lazima ufute kilo za wiki kama hii ya mwaka jana. Daftari lako daima litaonyesha mavuno ya mwaka mmoja tu. Mwaka jana ukivuna sana, na mwaka huu ukivuna kidogo, jumla yako itapungua. Hakuna atakayeuliza ulivuna nini miaka mitano iliyopita.

Orodha ya tenisi ndivyo ilivyo. Tazama mfano huu. Mchezaji amecheza mashindano manne kwa mwaka mmoja. La kwanza alipata pointi 15. La pili alipata 14. La tatu alipata 8. La nne alipata 3. Jumla ni pointi 40. Sasa mwaka umezunguka. Zile pointi 15 za kwanza zinafutwa. Wiki hiyo hiyo anacheza tena na kupata pointi 3. Hesabu yake ni hii: 40 kutoa 15 ni 25. 25 kujumlisha 3 ni 28. Alishinda mechi, lakini jumla yake imeshuka kutoka 40 hadi 28. Wenzake waliokuwa nyuma yake watampita.

Kwa sababu hiyo mchezaji hapumziki kirahisi. Aliyefanya vizuri mwaka jana ana kazi ya kulinda pointi zake mwaka huu. Aliyefanya vibaya mwaka jana hana cha kupoteza. Kila atakachopata ni nyongeza.

Sasa tunaweza kujibu lile swali la mtu kuwa bingwa na kushuka. Mwaka 2022 wenye mashindano ya Wimbledon waliwazuia wachezaji wa Urusi na Belarus kwa sababu ya vita vya Ukraine. Vyama vya wachezaji havikukubali. Vikaamua kwamba Wimbledon ya mwaka huo isitoe pointi. Novak Djokovic wa Serbia alikuwa bingwa mwaka 2021 na kupata pointi 2,000. Mwaka 2022 akawa bingwa tena. Pointi 2,000 za zamani zikafutwa, na mpya hakupewa hata moja. Akashuka kutoka nafasi ya 3 hadi ya 7, na kombe la ubingwa analo mkononi.

5. Namba hufungua mlango

Huenda ukasema, "Namba ni namba tu. Mchezaji hali namba." Sivyo. Kwa mchezaji wa tenisi namba ndiyo ugali wake.

Kila moja ya yale mashindano makubwa manne lina wachezaji 128 wa kiume na 128 wa kike. Kati ya hao 128, kwa kawaida 104 huingia moja kwa moja kwa nafasi zao katika orodha. Wengine 16 hutoka katika mchujo. Wengine 8 hualikwa na wenye mashindano. Basi aliye karibu na nafasi ya 100 mlango uko wazi kwake. Aliye wa 500 haingii hata kwenye mchujo, ila kwa mwaliko au kwa ruhusa maalumu.

Na ndani ya mlango kuna fedha. Mwaka 2024 mchezaji aliyefungwa mechi yake ya kwanza tu Wimbledon alipewa pauni 60,000 za Uingereza. Katika mashindano ya ngazi ya 15 mwaka huo, zawadi za wachezaji wote kwa jumla zilikuwa dola 15,000 za Marekani. Wachezaji wote waligawana hizo. Kwa fedha hiyo mchezaji hujilipia nauli, chakula na mahali pa kulala. Mwalimu wake naye anataka kulipwa.

Hapo ndipo ugumu wa watu wetu unapoonekana. Mashindano mengi hufanyika Ulaya na Marekani. Katika Afrika, mashindano madogo hufanyika mara nyingi katika mji wa Monastir nchini Tunisia na mji wa Sharm el-Sheikh nchini Misri. Kijana wa Ulaya anaweza kwenda kwa treni. Kijana wa Afrika Mashariki lazima apande ndege. Akikosa nauli, amekosa pointi, hata kama ni hodari.

Hata hivyo wapo waliopanda. Paul Wekesa wa Kenya alifika nafasi ya 100 duniani katika miaka ya 1990. Ons Jabeur wa Tunisia alifika nafasi ya 2 duniani mwezi Juni mwaka 2022.

6. Mabinti wawili wa fainali moja

Angella Okutoyi ni Mkenya aliyezaliwa mwaka 2004. Alilelewa Nairobi na bibi yake, aliyekuwa mfanyakazi wa shule. Mwezi Julai mwaka 2022 alicheza Wimbledon katika mashindano ya wasichana, wawili wawili. Mwenzake alikuwa Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Katika fainali waliwashinda wasichana wawili wa Kanada, Kayla Cross na Victoria Mboko. Hakuna Mkenya aliyewahi kupata ubingwa wa aina hiyo kabla yake. Victoria Mboko, aliyeshindwa siku hiyo, wazazi wake wametoka Kongo.

Lakini mashindano ya vijana yana orodha yake. Pointi za vijana haziingii katika orodha ya wakubwa. Kwa wakubwa kila mmoja lazima aanze chini.

Okutoyi alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Auburn nchini Marekani mwaka 2023. Chuo humpa mchezaji elimu, viwanja na walimu. Lakini mechi za vyuo hazitoi pointi za orodha ya dunia. Ili apate pointi, mwanafunzi lazima atafute mashindano mengine nje ya mechi za chuo.

Mwezi Machi mwaka 2024 Okutoyi alicheza katika Michezo ya Afrika huko Accra, Ghana. Akashinda medali ya dhahabu kwa wanawake. Ushindi huo ulimpa haki ya kwenda Olimpiki ya Paris mwaka huo huo. Lakini haki hiyo ilikuwa na sharti. Ilikuwa lazima awe ndani ya nafasi 400 za kwanza duniani ifikapo tarehe 10 Juni, 2024. Michezo ya Afrika haikumpa pointi za kumfikisha huko. Hakuifikia nafasi ya 400. Michezo ya Paris ikafanyika bila bingwa huyo wa Afrika.

Sasa tumwangalie Victoria Mboko. Mwanzoni mwa mwaka 2025 alikuwa nje ya nafasi 300 za kwanza. Akaanza na mashindano madogo, wiki baada ya wiki. Akashinda mechi 22 mfululizo. Pointi zikajaa, milango ikaanza kufunguka. Akaingia katika mchujo wa Ufaransa, akapita, kisha akashinda mechi mbili zaidi. Mwezi Agosti alikuwa wa 85. Wenye mashindano ya Montreal, katika nchi yake ya Kanada, wakamwalika. Hayo ni mashindano ya ngazi ya 1000. Akawa bingwa. Katika fainali alimshinda Naomi Osaka wa Japani. Kwa wiki mbili alipata pointi 1,000, akapanda hadi nafasi ya 24.

Mabinti hawa walikutana katika fainali moja mwaka 2022. Miaka mitatu baadaye, namba zao zilikuwa mbali sana. Je, orodha inasema mmoja ana kipaji na mwingine hana? Hapana. Orodha inasema kila mmoja amevuna pointi ngapi kwa wiki 52, na katika mashindano gani. Haisemi nani alikuwa na nauli na nani hakuwa nayo. Haisemi nani alikuwa darasani. Haisemi nani nchi yake ina mashindano makubwa yanayoweza kumwalika.

7. Mchezaji akiumia au akijifungua

Labda mama mmoja darasani anauliza, "Mwanamke akipata mimba, pointi zake zinakuwaje?" Zinafutwa, kwa sababu wiki hazisubiri mtu.

Serena Williams wa Marekani alikuwa bingwa wa Australia mwezi Januari mwaka 2017, akiwa na mimba. Alijifungua mwezi Septemba mwaka huo. Aliporudi mwaka 2018, nafasi yake ilikuwa chini ya 400. Kanuni ilimruhusu kuingia katika mashindano kwa nafasi yake ya zamani. Lakini kulikuwa na tatizo jingine. Katika mashindano makubwa wachezaji 32 wa juu hutenganishwa, ili wasikutane mapema. Huko Ufaransa Serena hakuwekwa miongoni mwa hao 32. Watu wengi waliona kwamba mama anaadhibiwa kwa kuzaa.

Chama cha wanawake kikabadili kanuni kuanzia mwaka 2019. Mama aliyejifungua alipewa miaka mitatu ya kutumia nafasi yake ya zamani kuingilia katika mashindano kadhaa. Aliyeumia kwa muda mrefu naye hupewa ruhusa ya namna hiyo. Pointi zake hazirudi, ila mlango anafunguliwa.

Hata orodha yenyewe iliwahi kusimama. Mwezi Machi mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulisimamisha mashindano duniani. Vyama vikaona si haki kufuta pointi za watu wasioruhusiwa kucheza. Orodha ikasimamishwa mpaka mwezi Agosti. Hii inatufundisha kwamba kanuni hutungwa na watu, na watu wanaweza kuzirekebisha.

8. Tumejifunza nini?

Ndugu msomaji, sasa ukisikia redioni kwamba mchezaji ni wa 24 au wa 500, unajua maana yake. Pointi hutokana na mechi alizoshinda. Mashindano makubwa hutoa pointi nyingi, na madogo hutoa chache. Pointi hudumu wiki 52. Namba hiyo ndiyo inayomwingiza mchezaji katika mashindano makubwa, au kumwacha nje.

Orodha ya namba ni bora kuliko upendeleo wa zamani, kwa sababu kila mtu anaweza kuisoma na kuihakiki. Lakini namba haisemi kila kitu. Ukiona orodha yoyote, iwe ya wachezaji, ya shule au ya vijiji, uliza maswali matatu. Wamehesabu nini? Wamehesabu kwa muda gani? Je, wote walipata nafasi sawa ya kuhesabiwa?

Maswali

1. Orodha ya kwanza ya wanaume ilitolewa tarehe ngapi?
2. Kati ya nafasi ya 85 na nafasi ya 24, ipi ni bora?
3. Mchezaji ana pointi 120. Wiki hii pointi 35 za mwaka jana zinafutwa. Naye amepata pointi 23. Sasa ana pointi ngapi?
4. Kwa nini Djokovic alishuka mwaka 2022 ingawa alikuwa bingwa?
5. Jadilianeni darasani: Je, ilikuwa haki bingwa wa Afrika kukosa Olimpiki kwa sababu ya namba? Toeni sababu za pande zote mbili.

Maneno ya kukumbuka

Mtoano: mashindano ambayo anayeshindwa anatoka.
Mchujo: mechi za kutafuta watakaoingia katika mashindano yenyewe.
Nafasi: namba ya mchezaji katika orodha.
Raketi: kifaa cha kupigia mpira wa tenisi.